Mkono wa Tatu Chini ya Shali

Mkono wa tatu ulipoingia chini ya shali, Zarwali alidhani ni mkunjo wa kitambaa.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, na soko la magari la Mardan lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Zarwali na Haji Turab walisimama mbele ya gari jeupe la mwaka themanini na nane, wameshikana mikono chini ya shali ya mzee, kila mmoja akitazama upande wake kana kwamba hamjui mwenzake. Ndivyo bei inavyosemwa pale. Mdomo hautaji kitu, vidole ndivyo vinavyoongea. Kidole kimoja ukikibana ni laki moja ya rupia, ukucha kwenye kiungo ni nusu laki, na kidole gumba kikilala juu ya kidole gumba cha mwenzako, biashara imefungwa. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, hata kama aliye upande wa pili ni baba yako mzazi.

Haji Turab alitaka tisa, kisha akashuka mpaka nane. Zarwali alibana nne na nusu, akang'ang'ania hapo hapo.

Na hakuwa mgeni wa mambo haya. Mtu wa Mardan akitaka kununua gari kuukuu alimfuata Zarwali kwanza, amwambie atoe ngapi. Alikuwa na sumaku yake ya kupitisha kwenye bodi kutafuta mahali palipozibwa na kupakwa rangi. Alinusa mazulia kujua kama gari liliwahi kulala kwenye mafuriko. Aliweka sikio kwenye injini kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Gari hili alikuwa amelikagua saa nzima asione kasoro hata moja, na moyo wake ukamwambia linastahili tisa na zaidi. Lakini mfukoni alikuwa na nne na nusu tu, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameendesha teksi ya mtu mwingine. Isitoshe, alikuwa bahili. Watani wake walimwita mkono wa birika, naye alilipokea jina hilo kama sifa.

Basi mkono wa tatu ukaingia. Ulikuwa mkavu, wa moto kama mkate unaotolewa tanuruni, vidole vyake virefu kuliko vinavyofaa. Ukapita kati ya mikono yao miwili, ukambana vidole vinne na kumgusa ukucha kwenye kiungo cha kidole cha tano. Nne na nusu. Kisha gumba lake likainuka, likangoja.

Zarwali alijua. Hapa hatuwezi kumtetea. Mkono wa Haji Turab ulikuwa bado kiganjani mwake, umelowa jasho, bado unasema nane. Alijua kabisa kwamba mkono ule mwingine si wa mzee. Lakini gari la laki tisa kwa nne na nusu! Akainua macho juu, kama alivyofanya kila mara kabla ya kufunga bei, akalaza gumba lake.

Haji Turab alichomoa mkono kama aliyeumwa na nyigu. "Umefunga?"

"Nimefunga. Nne na nusu."

"Umefunga na nani?"

"Na wewe, Haji. Umezeeka mpaka huusikii mkono wako mwenyewe?"

Mzee aliitazama shali iliyoanguka juu ya boneti. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi pamoja na kitu kilichofanana na furaha ya aibu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alipokea fedha bila kuzihesabu, akamkabidhi funguo. "Mungu akubariki nalo. Ila shirini ya dalali usiisahau, mwanangu. Leo hii, kabla ya magharibi."

Zarwali alicheka. Wanunuzi na wauzaji wakikwama, dalali huingiza mkono wake, akaziba pengo, na mnunuzi humpa shirini, yaani kilo moja ya vitamutamu, siku hiyo hiyo. Ni kitu kidogo, lakini hakuna anayethubutu kukiruka. Zarwali peke yake ndiye aliyejigamba kwamba hajawahi kufunga bei kupitia dalali.

"Dalali yupi, mzee? Mbona tuko wawili?"

Haji Turab hakubishana. Aliondoka upesi upesi, shali yake akaiacha pale pale. Zarwali akaikunja, akaitupa kiti cha nyuma. Shali nzuri ya sufu, ya bure.

Nyumbani mkewe Shaista alilizunguka gari mara mbili, mikono kiunoni. "Limeibiwa?"

"Limenunuliwa."

"Kwa bei hiyo? Rahisi ghali, baba Spogmai."

"Mwenzio nimepigana sokoni, wewe unaniletea methali." Lakini alikuwa anatabasamu, kwa sababu Spogmai, binti yao wa miaka sita, mtoto wao wa pekee, alikuwa tayari kiti cha mbele, akipiga honi na kumpigia kelele kila kuku wa uani apishe njia.

Jumatatu gari lilinuka sukari iliyoungua. Zarwali aliinua mazulia, akafungua boneti, akanusa ekzosi. Hakuna. Abiria wawili walishuka kabla ya safari yao kuisha, na mmoja akauliza kwa hasira ni nani yule anayempumulia shingoni.

Jumatano akalipeleka kwa Inzar, fundi rafiki yake, mtu wa mzaha mwingi. Inzar aliinamia injini, mkono wa kushoto ameutumbukiza ndani mpaka begani, akawa anamtania. "Injini mpya hii! Huyo mzee ulimfanyia uchawi?" Fimbo ya kushikilia boneti ilikuwa imara mahali pake. Zarwali aliiona ikijitoa yenyewe, taratibu, kama mtu anayechomoa kisu kwenye ala, kisha boneti ikashuka kwa kishindo. Inzar alipiga yowe. Boneti ikainuka tena, ikapiga, ikainuka, ikapiga mara ya tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka mfupa wa mkono ukatokeza nje ya ngozi na damu ikachuruzika kwenye taa. Kisha ikabaki wazi, imetulia, kama kinywa cha mtu aliyeuliza swali na sasa anasubiri jibu.

"Fimbo imelegea," Zarwali aliwaambia waliokuja mbio. Inzar alimtazama kutoka sakafuni, meno yakigongana, akanong'ona, "Zarwali, limenishika. Kabla halijapiga, lilinishika."

Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, uani hapakuwa na kuku hata mmoja. Shaista ndiye aliyefungua buti. Kuku wote saba walikuwa wamepangwa humo kwa mstari, shingo zimesokotwa mpaka vichwa vikatazama migongo, na katika kila mdomo uliokufa kulikuwa na chembe ya sukari nyeusi.

"Lirudishe," Shaista alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Lirudishe leo."

"Kwa nani? Haji hakuacha jina la kijiji chake."

"Basi lichome."

"Laki nne na nusu, Shaista! Miaka kumi na mmoja!"

Alilifunga gari, funguo akazitia mfukoni, akasema atafikiri. Alifikiri Jumamosi nzima. Jumapili mchana, wakati wa kula, Spogmai akawa haonekani.

Walimkuta garini. Milango ilikuwa imefungwa, vioo vimepandishwa, jua linachoma bati, na mtoto amekaa kiti cha mbele, jasho linamtiririka, mkono wake wa kulia umenyooka kuelekea kiti cha dereva kilichokuwa kitupu. Hakulia. Alipotolewa, Shaista alimkunjia mkono wa nguo. Kifundoni palikuwa na alama nne za vidole, zambarau, zimezama ndani, na ya tano ilikuwa alama ya ukucha tu.

Zarwali alizisoma kama anavyosoma bei: nne na nusu. Akakaa chini kwenye vumbi.

Mulla Ghazan aliletwa alasiri. Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu za hina, mkali, asiyependa kubembelezana. Alisikiliza habari yote, akaichukua shali kutoka kiti cha nyuma, akainusa, akairudisha haraka.

"Mikono mingapi ilikuwa chini ya hii?"

Zarwali alihesabu kwa vidole. "Mitatu."

"Ukafunga na wa tatu?"

"Bei ilikuwa nzuri, mulla."

"Bei ilikuwa nzuri! Mpumbavu mkubwa wewe. Aliyeziba pengo ni dalali, awe mtu, awe jini. Shirini yake umempa?"

Zarwali alitikisa kichwa.

"Kilo moja tu ya vitamutamu," mulla alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, ya kuogopa. "Jumapili iliyopita ungeweka sahani juu ya boneti, ungeshukuru, angelamba akaenda zake. Hawa ni watu wa soko kama sisi, wana desturi zao. Mkono mtupu haulambwi, bwana. Siku saba umemngojesha mlangoni. Sasa bei yake imepanda, na sijui imefika wapi."

Shaista hakungoja. Alikimbia dukani, akarudi na sinia la vitamutamu vya maziwa na vya karanga. Mulla akalibeba kwa mikono miwili, akisoma, akalisogelea gari hatua kwa hatua. Mlango wa dereva ulifunguka kwa nguvu ukampiga kifuani. Sinia liliruka. Mzee aliinuliwa kutoka ardhini kwa ndevu, miguu ikipiga hewa, akagongwa uso kwenye paa la gari mara moja, mbili, tatu, nne, kisha akatupwa ukutani, akatema meno pamoja na jina la Mungu lililokatikia katikati. Hakuinuka tena. Alikuwa hai, lakini macho yake yalikuwa yamegeuka meupe.

Katika zogo lile Shaista alinyoosha mkono amshike Spogmai, akashika hewa. Mlango wa gari ukajifunga. Mtoto alikuwa ndani, kiti cha mbele, mkanda umempita shingoni.

"Mama," alisema, kwa mshangao zaidi kuliko hofu, na mkanda ukakaza kidogo.

Zarwali alivuta milango mpaka kucha zikang'oka. Shaista alikwenda mbio jikoni, akaja na shoka la kuni, akalishusha kwenye kioo cha mbele kwa nguvu zake zote, mara mbili. Shoka lilirudi nyuma kama lililopiga mwamba, na kioo hakikupata hata mkwaruzo. Kioo cha dereva ndicho kilichoteremka chenyewe, kiasi cha shubiri moja, kikasimama. Shali ikajivuta kutoka kiti cha nyuma, ikapanda, ikalifunika lile pengo. Chini yake kitu kilitokeza, umbo la mkono unaongoja kupokewa.

"Karibu, bingwa," ilisema sauti kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya sokoni hasa, kavu, ya haraka, yenye mzaha. "Umenichelewesha, lakini mteja ni mteja. Tia mkono. Sema unatoa ngapi."

Mkanda ulikaza tena, Spogmai akakohoa. Zarwali akatia mkono.

Ule wa moto uliudaka. Hakuwa na haja ya kusema kwa mdomo, ila hofu ilimfungua kinywa. "Kondoo. Kondoo dume mweusi, leo hii, damu yake kwenye magurudumu."

"Kondoo!" Sauti ilicheka. "Mnamsikia? Mimi nimekuokolea laki nne na nusu, wewe unanitajia kondoo. Ongeza, kaka." Na kidole kidogo cha Zarwali kikavunjika kama kijiti, kisha kikasokotwa.

Zarwali alilia. "Ng'ombe! Wa maziwa, yule wa shemeji yangu!"

"Wa shemeji. Hata sasa unatoa cha mtu." Kidole cha pili.

"Chukua gari! Lichukue lote, sitaki kitu!"

"Unanipa nyumba yangu mwenyewe? Haki ya Mungu, nimefanya biashara na wakwepaji mia, wewe unawazidi wote." Cha tatu kilivunjika mahali pawili, na maumivu yakampanda mpaka kwenye jino, mpaka jichoni, akaanza kuona ua mzima mwekundu, mulla aliyelala chini mwekundu, uso wa mtoto nyuma ya kioo mwekundu, midomo inaanza kuwa ya bluu, na sauti ile ikawa karibu sana, ikawa laini, ikawa kama ya rafiki wa miaka mingi anayekuvuta kando ya umati akutajie siri ya bei, ikimwambia kwamba yeye ni bingwa wa kukadiria, anajua mwenyewe kitu gani katika nyumba hii kina thamani, asijifanye hajui, kwamba watoto huzaliwa tena, Shaista bado kijana, na kwamba akikubali vidole vyake vitanyooka hivi sasa, gari litabaki lake, halitaharibika milele, atalirithisha, ni kufunga tu, kulaza gumba tu, jambo dogo kama kuzima taa, na kidole cha nne kikaanza kukunjwa kinyume, polepole, polepole sana, mpaka ngozi ya kiungo ikaanza kupasuka.

Zarwali aliacha kumtazama mtoto. Akainua macho juu.

Shaista alikuwa ameolewa naye miaka tisa. Alikuwa amemwona akinunua mbuzi, magunia ya unga, jora za kitambaa, na hata kaburi la mama yake. Aliyaona macho yale yakipanda angani, na akajua. Hakupiga kelele. Aliruka mbele, akaikanyaga miguu ya mumewe isisogee, akaliinua shoka juu ya kichwa chake.

"Mkono huu," aliliambia gari. "Ndiyo bei yetu. Haiongezeki."

Shoka lilishuka kwenye ukingo wa kioo, juu kidogo ya kifundo. Halikukata mara moja. Alilazimika kulishusha tena, na tena, damu ikimrukia usoni na kinywani, mumewe akilia kwa sauti isiyo ya mtu, mpaka kitu kikaachia na Zarwali akaanguka chali. Kisha ile sauti ya sokoni ikasema, kwa heshima kidogo, "Haya. Huyu ndiye wa kufanya naye biashara." Mkanda ukalegea. Milango yote minne ikafunguka. Spogmai alianguka nje akitapika, mama yake akamdaka kwa mikono iliyolowa damu. Ndani ya gari hapakuwa na tone hata moja la damu, wala mkono.

Inzar, mwenye mkono kwenye bendeji, ndiye aliyesimamia gari likikatwa vipande na kupelekwa kwenye tanuru la chuma. Harufu ya sukari haikusikika tena. Mulla Ghazan alipona, ila bila meno ya mbele, na akawa mpole kuliko zamani. Majirani walikuja na mayai na maziwa kumpa pole Zarwali, wakamsifu kwa jinsi alivyoutoa mkono wake kwa ajili ya mtoto. Yeye alizipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa.

Baada ya siku ishirini alirudi kutoka hospitali, akakaa kitandani uani, kwenye kivuli. Alikuwa na kiu. Akamwita Spogmai amletee maji, na mtoto akaja mbio na bakuli limejaa pomoni, akilitazama lisimwagike. Shaista alitoka jikoni. Akamzuia katikati ya ua, akalichukua bakuli mikononi mwake, akamgeuza mtoto mabega kuelekea langoni.

"Mwache aje," Zarwali alisema. "Mimi ni baba yake."

"Nenda ukacheze kwa bibi, mwanangu," Shaista alimwambia mtoto, akangoja mpaka lango likafungwa.

"Shaista, gumba lilikuwa linatetemeka kwa maumivu. Wallahi."

"Ulitazama juu."

Alitaka kuapa tena. Alifungua kinywa kabisa, ila alikuwa amelala usiku ishirini na jambo lile moja, na kiapo hakikutoka. "Nilikuwa nafunga," akasema, machozi yakamteremka mpaka kwenye ndevu.

"Najua," Shaista alisema. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika kichwa kwa nyuma, akamnywesha yale maji polepole mpaka yakaisha. Jioni hiyo alihamishia godoro lake na la mtoto kwenye chumba cha ndani, na kila usiku tangu hapo, Zarwali aliusikia mlango wa chumba kile ukitiwa komeo.